Nzi, Ngao na Mzinga: Utunzi Ndani ya Baiti 128 katika Mchezo wa Yars' Revenge

Utangulizi

Tunapolitaja neno utunzi katika kumbi zetu za mihadhara, aghalabu akili zetu hukimbilia shairi, riwaya, tamthilia au hadithi fupi. Ni nadra mno kwa mwanafunzi wa Kiswahili kulihusisha neno hilo na mchezo wa video, sembuse mchezo wa kufyatua makombora angani uliotolewa mwaka wa 1982, ambao picha zake ni vijisanduku vya rangi na sauti yake ni mvumo tu. Michezo ya aina hii imezoeleka kuchukuliwa kuwa mambo ya watoto au njia ya kupotezea wakati, na anayeizungumzia katika jarida la lugha huenda akaonekana kama mtu aliyepotea njia akiwa kwao.

Makala haya yanapania kuonyesha kwamba mtazamo huo una walakini. Kwa kuuchunguza mchezo mmoja tu, Yars' Revenge, uliobuniwa na Howard Scott Warshaw kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, tutajaribu kuyajibu maswali matatu. Kwanza, mtunzi hufanyaje kazi yake pale ambapo ala aliyopewa inamnyima takriban kila kitu? Pili, kanuni za mchezo na hadithi yake huhusianaje? Tatu, kazi iliyotungwa ndani ya kampuni ni ya nani, na je, mtunzi ana haki ya kuliweka jina lake humo? Swali hili la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linamgusa kila anayeshika kalamu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuafikiane kuhusu istilahi. Katika makala haya, mashine ya michezo ni kile chombo cha nyumbani kinachounganishwa na runinga. Katriji ni kile kifuko cha plastiki chenye chipu iliyohifadhi mchezo, nacho huchomekwa katika mashine. Msimbo ni mfululizo wa maagizo ambayo mtunzi huiandikia mashine. Baiti ni kipimo cha kumbukumbu ambacho, kwa makadirio ya kawaida, hutosha kuhifadhi herufi moja. Kijiti ni kile kishikio ambacho mchezaji hukielekeza huku na huku ili kumwongoza mhusika.

Usuli wa utanzu

Kama ilivyo katika fasihi, kazi hii haikuzuka kutoka ombwe. Utanzu wa michezo ya kufyatuliana makombora angani una nasaba yake. Mnamo mwaka wa 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake walikamilisha mchezo wa Spacewar! kwenye tarakilishi ya PDP-1, ambapo vyombo viwili viliwindana kando ya nyota yenye mvutano. Tarakilishi hiyo ilikuwa ghali mno, na hivyo mchezo huo ukabaki katika maabara za wasomi.

Mwaka wa 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito nchini Japani alitoa Space Invaders, ambapo mchezaji hulinda ardhi dhidi ya safu za maadui wanaoteremka polepole. Mashine za mchezo huo ziliwekwa katika kumbi za burudani, na mchezaji alilipia kwa sarafu. Mwaka wa 1980 kampuni ya Atari ilitoa nakala ya Space Invaders kwa ajili ya mashine yake ya nyumbani, nayo ikawafanya wengi wanunue mashine hiyo kwa sababu ya mchezo huo mmoja. Tangu hapo, kampuni ikawa na ari ya kuihamishia nyumbani kila kazi iliyovuma katika kumbi za burudani. Ari hiyo, kama tutakavyoona, ndiyo iliyozaa Yars' Revenge, ijapokuwa kwa njia ambayo kampuni haikuitarajia.

Ala na mipaka yake

Mashine ya Atari iliingia sokoni mwaka wa 1977 ikiitwa Video Computer System. Jina la Atari 2600 lilikuja baadaye, mnamo 1982. Ubongo wake ulikuwa chipu ya 6507 iliyofanya kazi kwa mapigo yapatayo milioni 1.19 kwa sekunde. Kumbukumbu yake ya muda, ambamo mashine huandika mambo yanayobadilika mchezo unapoendelea, ilikuwa na baiti 128 pekee. Msomaji anayetaka kuielewa hali hiyo na achukue ubeti mmoja wa tarbia, wenye mishororo minne ya mizani kumi na sita kila mmoja. Ubeti huo una mizani 64. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili zina herufi mbili au zaidi, tukizihesabu herufi hizo pamoja na nafasi baina ya maneno, ubeti huo mmoja hautaenea katika kumbukumbu hiyo. Humo ndimo mtunzi alipaswa kuhifadhi mahali alipo mhusika, alipo adui, kombora linakoelekea, idadi ya alama, sehemu za ngao zilizokwisha kuvunjwa na kila kitu kingine chenye kubadilika. Msimbo wenyewe uliwekwa katika katriji, ambayo kwa kawaida haikuzidi baiti 4,096.

Hata hivyo, uhaba wa kumbukumbu haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Mashine hii haikuwa na mahali pa kuihifadhi picha. Tarakilishi nyingi za baadaye huichora picha nzima katika kumbukumbu kisha huipeleka kwenye kiwambo. Atari 2600 haikuweza. Runinga za zama hizo zilichora picha kwa mwale uliopita kutoka kushoto hadi kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Katika mfumo wa Marekani mistari hiyo ilikuwa 262, na kazi yote ilirudiwa takriban mara 60 kila sekunde. Mtunzi alipaswa kuandika msimbo unaokimbizana na mwale huo: kabla haujafika mahali fulani, chipu iliyoitwa TIA iwe imekwisha kuambiwa rangi na umbo la kuchorwa hapo. Kwa kila mstari, ubongo wa mashine ulikuwa na mapigo 76 tu ya kufanyia kazi, na agizo moja lilikula mapigo mawili au zaidi. Aliyechelewa hakusubiriwa, kwani mwale ulipita na picha ikaharibika.

Fauka ya hayo, chipu ya TIA ilitambua vitu vichache tu vyenye kusogea: maumbo mawili ya wachezaji, makombora mawili na mpira mmoja, pamoja na mandhari ya nyuma iliyoundwa kwa vipande vinene. Sababu ni kwamba mashine ilisanifiwa ikikusudiwa michezo miwili iliyokuwa maarufu wakati ule, yaani ule wa kupigiana mpira uitwao Pong na ule wa vifaru. Yeyote aliyetaka kutunga jambo jingine alipaswa kuihadaa mashine ifanye ambalo haikuundiwa.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na hali hii. Mizani, vina na vipande vya ukwapi na utao ni mipaka vilevile. Tofauti ni kwamba arudhi ni mapatano ya watunzi, na mtunzi anaweza kuyakiuka akavumilia lawama, ilhali mipaka ya mashine ni ya kimaumbile na haina huruma. Hata hivyo, athari kwa mtunzi inakaribiana. Kila anachokitaka hukikuta mlangoni kikiulizwa kama kina nafasi, na kisichokuwa na kazi zaidi ya moja huachwa nje.

Kukataa kunakili

Warshaw aliajiriwa na Atari mwezi wa Januari mwaka wa 1981, akitokea kampuni ya Hewlett-Packard. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuinakili Star Castle, mchezo wa kumbi za burudani uliotolewa na kampuni ya Cinematronics mwaka wa 1980. Katika Star Castle, mzinga wa adui umekaa katikati ya kiwambo, umezungukwa na pete tatu za ngao zenye kuzunguka. Mchezaji huzunguka nje akizimega pete hizo kwa risasi, huku akifukuzwa na mabomu madogo. Pete zikitoboka, mzinga nao hupata mwanya wa kumlenga yeye. Kiwambo cha mchezo huo kilikuwa cha aina tofauti: mwale wake haukupita mstari kwa mstari bali ulichora mistari moja kwa moja kokote ulikoelekezwa, na kwa sababu hiyo ulichora pete na mishazari kwa wepesi na unadhifu.

Warshaw alipoilinganisha kazi hiyo na ala aliyokuwa nayo, aliona kwamba nakala yake ingekuwa kivuli dhaifu cha asili. Badala ya kutii kikondoo, aliwaendea wakubwa wake na pendekezo: achukue misingi ya uchezaji ya Star Castle, yaani ngao inayomegwa, adui aliyejificha nyuma yake na kitu kinachomfukuza mchezaji, kisha autunge mchezo mpya unaoafiki uwezo wa Atari 2600. Pendekezo likakubaliwa.

Hapa pana funzo kwa wanafunzi wa tafsiri. Mfasiri anapokabiliwa na matini ambayo umbo lake haliwezi kuhamishika, ana njia mbili. Anaweza kuling'ang'ania umbo akaipoteza roho, au akaishika roho na kuitafutia umbo jingine. Warshaw alichagua njia ya pili. Pete zenye kuzunguka zilimshinda kuchora, naye akaziacha. Akamweka adui upande wa kulia na mchezaji upande wa kushoto, ngao ikawa mbele ya adui. Duara likawa mstari, lakini uhusiano baina ya wahusika ukabaki uleule.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Mchezaji humwongoza Yar, mdudu mwenye mabawa anayeweza kuruka pande zote za kiwambo. Upande wa kulia yupo Qotile, adui aliyejikinga kwa ngao iliyoundwa kwa vipande vingi. Katika baadhi ya raundi ngao hiyo ni umbo la upinde, na katika raundi nyingine ni mstatili ambao vipande vyake huhamahama. Yar anaweza kuvifyatulia vipande hivyo risasi kutoka mbali na kupata alama 69 kwa kila kipande, au akavikaribia na kuvila, akapata alama 169. Kwa hiyo, kanuni za mchezo zimeutia bei ujasiri, kwani anayelisogelea hatari hulipwa zaidi ya mara mbili ya anayekaa mbali.

Wakati huohuo kuna kombora linalomwandama Yar bila kukoma. Mwendo wake ni wa polepole, lakini halichoki wala halisahau. Katikati ya kiwambo umesimama ukanda wa rangi zinazometameta, ambamo kombora hilo haliwezi kumdhuru Yar. Hata hivyo, akiwa humo yeye naye hawezi kufyatua risasi. Usalama, kwa maneno mengine, hununuliwa kwa kuitoa silaha.

Ili kumwangamiza Qotile, risasi za kawaida hazitoshi. Yar hana budi kula kipande cha ngao au kumgusa Qotile mwenyewe ili apewe mzinga wa Zorlon. Mzinga huo hutokea kwenye ukingo wa kushoto wa kiwambo, nao hupanda na kushuka sambamba na Yar. Mchezaji akibonyeza kitufe, tufe la mzinga hutoka kushoto likielekea kulia kwa mstari ulionyooka. Utata uko hapa: kwa kuwa mzinga unamfuata Yar, namna ya kuulenga ni Yar kujiweka mwenyewe mbele yake. Anamlinganisha adui na mzinga kwa kuutumia mwili wake, anafyatua, kisha anakimbia kulipisha tufe lake mwenyewe. Akichelewa, hufa kwa silaha yake. Tufe likigonga kipande cha ngao kilichosalia, limepotea bure.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mchezo huu haukuwahi kuisikia methali hiyo, lakini mchezaji yeyote huielewa maana yake baada ya dakika tano. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba funzo hilo halikuandikwa popote katika maneno ya mchezo. Limo ndani ya kanuni zenyewe. Mchezaji haambiwi kwamba kisasi humrudia mlipizaji. Anaiona hatari hiyo ikimjia mgongoni kila anapokaribia kushinda.

Qotile naye hakai tu akisubiri. Kila baada ya muda hugeuka kuwa kimbunga kinachozunguka, kisha hujirusha kumwelekea Yar, na mashambulizi hayo hayazuiwi na ule ukanda wa usalama. Anayempiga Qotile akiwa ametulia hupata alama 1,000. Anayekipiga kimbunga kabla hakijaruka hupata 2,000. Naye anayekipiga kikiwa angani hupata 6,000 pamoja na uhai wa ziada. Tena tunaiona kanuni ileile: tuzo kubwa kabisa imewekwa mahali ambapo mchezaji yu karibu kabisa na kifo.

Msimbo uliogeuka mandhari

Ule ukanda wa katikati unastahili kuzungumziwa peke yake. Rangi zake huchezacheza bila mpangilio unaoweza kukaririwa, kana kwamba kuna nguvu fulani inayochemka ndani yake. Kwa kawaida, mchoro wenye vurugu ya namna hiyo ungehitaji takwimu nyingi za picha, nazo zingekula nafasi katika katriji. Warshaw hakuwa na nafasi ya kupoteza. Alichofanya ni kuichukua misimbo ya mchezo wenyewe, yale maagizo ambayo mashine ilikuwa ikiyatekeleza, na kuyaonyesha kwenye kiwambo kama picha.

Kwa mashine, baiti ni namba tu. Ikipelekwa kwenye ubongo husomwa kama agizo, na ikipelekwa kwenye chipu ya TIA husomwa kama madoa ya rangi. Mchezaji anapoutazama ukanda ule, anayatazama maandishi ya mchezo yakiwa yamevuliwa maana na kubaki umbo. Ni kama mtu ambaye angeipamba kuta ya nyumba yake kwa kubandika mkataba wa ujenzi wa nyumba hiyohiyo, ila kwa herufi asizoweza kuzisoma mgeni.

Wahakiki wa fasihi wana mazoea ya kuzitenga fani na maudhui ili waweze kuzijadili, japo wote hukiri kwamba katika kazi iliyofumwa vyema haziachani. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu. Maagizo yanayoufanya mchezo uwepo ndiyo mapambo yake, na mapambo hayo ndiyo mahali mhusika anapokimbilia kuyaokoa maisha yake. Baiti zilezile zinafanya kazi tatu. Wala jambo hili halikutokana na anasa ya kisanaa. Lilitokana na ufukara wa nafasi. Mtunzi aliyekuwa na kumbukumbu tele angechora ukanda wa kawaida na asingefikiria zaidi.

Hadithi ya nzi na majina yaliyopinduliwa

Michezo mingi ya wakati ule haikujishughulisha na hadithi. Yars' Revenge iliuzwa ikiwa na kijitabu cha katuni kilichoeleza asili ya wahusika wake. Kwa mujibu wa hadithi hiyo, Yar si kiumbe wa ajabu aliyetoka kusikojulikana. Ni uzao wa nzi wa kawaida wa nyumbani waliojipenyeza katika chombo cha angani kilichotoka duniani, wakafika mbali, wakabadilika na kuwa taifa lenye akili. Qotile aliiangamiza Razak IV, mojawapo ya sayari zao, na mchezo wenyewe ni kisasi chao.

Uteuzi wa nzi kuwa shujaa si jambo dogo. Mashujaa wa utanzu huu walikuwa vyombo vya chuma: merikebu za angani, mizinga, ndege za kivita. Hapa tunapewa mdudu anayedharauliwa, ambaye silaha yake ya kwanza ni mdomo wake. Nasi tuna usemi kwamba nzi kufia kidondani si haramu, yaani si vibaya mtu kuangamia akikifuata akipendacho. Yar hufia kidondani mara nyingi, kwa kuwa alama nyingi ziko palepale penye jeraha la ngao. Isitoshe, bahati ya lugha yetu imeliongezea jambo hili ladha. Neno mzinga kwetu ni silaha, na pia ni makao ya wadudu. Mdudu kupewa mzinga ni sentensi ambayo Kiswahili pekee ndicho kinachoweza kuicheka kwa namna hiyo.

Majina nayo yana siri. Wakati huo mkuu wa Atari alikuwa Ray Kassar, aliyeletwa na kampuni mama ya Warner Communications kutoka sekta ya nguo. Tukilipindua jina Ray tunapata Yar. Tukilipindua jina Kassar, na kuyafuata matamshi badala ya tahajia, tunakaribia Razak. Wanafunzi wa fasihi simulizi watakumbuka ule mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambapo wazungumzaji hupindua silabi za maneno ili wasiohusika wasielewe. Warshaw alifanya kinyume chake katika lugha yake, na kisasi cha Yar kikawa, kwa anayeujua ufunguo, kisasi cha Ray. Jina la mkuu wa kampuni likauzwa madukani nchi nzima likiwa limevaa mabawa ya nzi.

Jina la mtunzi

Tumefikia lile swali zito. Katika Atari ya miaka hiyo, mchezo uliandikwa na mtu mmoja aghalabu tangu wazo hadi mwisho: kanuni, picha, sauti na msimbo. Hata hivyo, jina lake halikuonekana kwenye kasha, wala katika kijitabu cha maelezo, wala kwenye kiwambo. Kampuni ilijitambulisha kuwa ndiye mtunzi. Watunzi walilipwa mishahara huku michezo yao ikiiingizia kampuni mamilioni ya dola.

Upinzani ulichukua sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa ya wazi. Mwaka wa 1979, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliokuwa watunzi wa Atari, waliondoka na kushiriki kuianzisha Activision, kampuni iliyowatangaza watunzi wake kwa majina. Sura ya pili ilikuwa ya siri. Warren Robinett, katika mchezo wake wa Adventure, alificha chumba ambacho mchezaji angekifikia tu kwa kukigundua kidoa kidogo mno na kukibeba hadi mahali maalumu. Ndani ya chumba hicho yaliandikwa maneno yaliyomtaja kuwa ndiye muumba wa mchezo. Hakuwaambia wakubwa wake. Siri ilipojulikana mwaka wa 1980, alikuwa amekwisha kuondoka, na kampuni ikaamua kuiacha ilivyo. Ikaanza desturi ya kuficha mambo katika michezo, ambayo hadi leo huitwa yai la Pasaka, kwa kuwa mchezaji huitafuta siri kama watoto wanavyotafuta mayai yaliyofichwa.

Warshaw aliifuata njia hiyo. Katika Yars' Revenge, mchezaji aliyekipiga kimbunga kikiwa angani, kisha akamweka Yar mahali mahususi baada ya mlipuko, huona mchezo ukikatika na herufi HSWWSH zikitokea. Ni herufi za kwanza za majina yake matatu, zikisomwa mbele kisha nyuma, kana kwamba zimewekwa mbele ya kioo. Tuzingatie mahali alipoziweka. Hakuziweka mwanzoni ambapo kila mtu angeziona. Aliziweka nyuma ya tendo gumu kuliko yote katika mchezo, ili jina lake limfikie yule tu aliyeisoma kazi yake kwa makini.

Sisi tunaijua desturi hii. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na ada ya kuutenga mwisho wa utungo wao kwa ajili ya kujitaja, kutaja tarehe na hata kuihesabu idadi ya beti. Mashairi mengi ya magazetini vilevile hufungwa kwa ubeti wa kaditama ambamo mtunzi hujinasibu kwa jina au lakabu. Ada hiyo si majivuno matupu. Katika utamaduni ambamo utungo husafiri kwa midomo na kwa nakala za mkono, jina lililofumwa ndani ya vina ni vigumu kuling'oa bila kuliharibu shairi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa katriji. Msimbo ulipokwisha kuchongwa katika chipu, jina halikufutika bila gharama ya kutengeneza upya chipu zote. Malenga wa pwani na mtunzi wa California, bila ya kujuana, walilifikia suluhisho moja: penye mamlaka au wakati unaotishia kumsahau mtunzi, jina na liwekwe ndani ya kazi, si juu ya jalada.

Tofauti yao nayo isipuuzwe. Malenga alijitaja hadharani na hadhira ikamtarajia ajitaje. Warshaw alijificha kwa sababu mfumo wa kazi ulimtaka asiwepo. Yai la Pasaka leo limekuwa mzaha wa kupendeza ambao kampuni zenyewe huuagiza. Asili yake ilikuwa madai ya haki.

Yaliyofuata

Yars' Revenge ilitolewa mwaka wa 1982 na huhesabiwa kuwa miongoni mwa michezo asilia ya Atari iliyouzwa zaidi katika mashine hiyo, yaani miongoni mwa ile isiyotokana na kazi ya kumbi za burudani au filamu. Mafanikio hayo yalimfanya Warshaw akabidhiwe kazi ya kutunga Raiders of the Lost Ark, iliyotoka mwaka huohuo, na kisha E.T. the Extra-Terrestrial. Kwa kazi hii ya mwisho alipewa wiki tano tu, ili katriji ziwahi Krismasi ya 1982. Matokeo yanajulikana. Wachezaji hawakuridhika, katriji nyingi hazikununuliwa, na mwaka wa 1983 soko zima la michezo ya nyumbani nchini Marekani likaporomoka kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa wingi wa michezo duni. Shehena ya katriji za Atari ilifukiwa katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mnamo Aprili 2014 jaa hilo lilifukuliwa na katriji zikaonekana tena.

Kwa miaka mingi jina la Warshaw likatajwa kwa ajili ya E.T. pekee, kana kwamba mtu mmoja angeweza kuiangusha sekta nzima. Aliyekuwa amefichwa alipofaulu, alianikwa aliposhindwa. Yeye mwenyewe baadaye alisomea ushauri nasaha na kuwa mtaalamu wa tibanafsi, na mwaka wa 2020 akachapisha kumbukumbu zake za Atari. Mnamo mwaka wa 2013 Yars' Revenge iliingizwa katika hazina ya makavazi ya sanaa ya kisasa ya MoMA jijini New York, sambamba na Space Invaders na michezo mingine. Humo kazi huwekwa pamoja na majina ya waliozibuni. Lile ambalo kampuni ililinyima kasha, makavazi yaliliandika.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Yars' Revenge ni utungo kwa maana kamili ya neno hilo. Ina mtunzi, ina wahusika, ina msuko unaotokana na kanuni zake, na ina maana ambayo mchezaji huifikia kwa kutenda badala ya kusoma. Imedhihirika pia kwamba ufinyu wa ala haukuiua sanaa. Ukanda wa katikati usingekuwepo kama baiti zingekuwa tele, wala nzi asingezaliwa kama pete za Star Castle zingechorika.

Hata hivyo, tusiugeuze ufinyu kuwa neema ya kusifiwa ovyo. Uhaba wa baiti ulikuwa wa mashine, na mtunzi aliweza kuushinda kwa werevu. Ufinyu wa wiki tano ulikuwa uamuzi wa watu, nao ulimshinda. Vivyo hivyo, kufichwa kwa jina hakukuwa sharti la chipu yoyote. Mhakiki anayezisifu kazi zilizozaliwa katika dhiki ana wajibu wa kuuliza dhiki hiyo ilitoka wapi.

Kwetu sisi tulio katika taaluma ya Kiswahili, kuna kazi mbili zinazotungoja. Mosi ni kuendelea kuvijadili vyombo hivi kwa lugha yetu hadi istilahi zizoeleke, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa, si kwa kuorodheshwa. Pili ni kuwa waangalifu na majina. Katika vitabu vya kiada, katika vipindi vya redio, katika programu za simu na katika majarida kama hili, kuna watu waliotunga na hawakutajwa. Kuwatafuta, kuwataja na kuzisoma kazi zao kwa makini unaostahiki ni sehemu ya uhakiki. Warshaw aliliweka jina lake nyuma ya kimbunga akiamini kwamba msomaji makini atafika. Waliofika walikuwa watoto wenye vijiti mikononi. Itakuwa aibu kwa wasomi kuwa nyuma yao.